Jina Moja Kwenye Boksi la Pweza

Hapo zamani, si zamani ya masultani bali zamani hii hii ya simu za mkononi, palikuwa na kijiji kusini mwa pwani kikiitwa Mchangamle. Mbele ya kijiji kulikuwa na mwamba, na watu waliuita Mwamba Matundu kwa jinsi ulivyojaa mashimo. Ndani ya mashimo waliishi pweza, na kwa pweza hao waliishi wanawake wa Mchangamle. Maji yakitoka walishuka na vijiti vyao. Wakachokoa shimo hili, wakachokoa shimo lile, wakapanda na kitoweo na cha kuuza.

Wakachokoa, wakachokoa, hata pweza wakawa wadogo kama ngumi ya mtoto.

Miongoni mwa wanawake hao alikuwepo Somoe binti Mfaume, mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila akishasema neno, hulirudishi. Siku moja alipanda kutoka mwambani na pweza watatu ambao hata chungu hawakukijaza. Akawatazama, akawatazama watoto wake, akahisi hasira asiyojua amwelekezee nani.

Ndipo alipofika Nakiete, binti wa bara aliyetumwa na shirika fulani. Shirika lake halikununua samaki wala halikuuza. Kazi yake ilikuwa kuwakutanisha watu wanaovua kwa uangalifu na wanunuzi wanaotaka kujua samaki wao ametoka wapi na kavuliwa vipi. Nakiete akaketi mkekani katika banda la kikundi cha wanawake, akavua viatu, akawaamkia wakubwa wote mmoja mmoja.

"Mama zangu," akasema, "mjini yupo mnunuzi anayepeleka pweza kwenye mahoteli. Atanunua kwenu kwa bei nzuri kuliko mchuuzi yeyote. Lakini ana masharti. Mwamba upumzishwe miezi mitatu, asiguse mtu, pweza wakue. Siku ya kufungua mshuke wote pamoja. Pweza asiyefika nusu kilo asichukuliwe. Na wakitoka tu majini, wakae kwenye barafu mpaka mjini."

Banda likalipuka kwa kelele. "Miezi mitatu tule nini?" "Kijiji cha jirani watakuja kutuibia!" "Na nani atalinda?"

"Mimi," akasema Somoe.

Wakacheka. Hakucheka. Wakaacha kucheka, na mwamba ukafungwa.

Mwanzoni walilinda kwa zamu. Kisha huyu akaumwa mgongo, yule akawa na msiba, mwingine akachoka tu. Maji yakitoka, Somoe huyo pembeni mwa mwamba. Maji yakirudi, Somoe bado yupo, kanga imelowa mpaka kiunoni. Walikuja vijana na mishale ya kuvulia, akawarudisha. Akaja shemeji yake, mdogo wa mumewe, na maneno matamu. Akamrudisha, na shemeji akanuna hata salamu akakata. Nyumbani kwake waliokula ugali kwa kisamvu jana walikula ugali kwa kisamvu leo. Mumewe akauliza, "Hivi utalipwa nini?" Somoe akajibu, "Sijui. Lakini nimesema nitalinda."

Asubuhi moja akamkuta Fatu.

Fatu alikuwa mjane, mdogo kwake kwa umri, na nyumba zao zilitazamana. Alikuwa ameinama kwenye shimo, na ndani ya kanga yake mlikuwa na pweza wadogo wanne, laini, wasiofaa hata kupimwa.

"Dada Somoe," akasema Fatu, "watoto hawajala tangu jana."

"Hata wangu hawana kitoweo, Fatu."

"Wako wana baba."

Neno lile lilimwingia Somoe. Lakini alijua kwamba akimwachia Fatu, kesho hatakuwa na mdomo wa kumzuia shemeji yake. Akampeleka kwenye kamati ya kijiji. Fatu akapewa adhabu ya kufagia soko la samaki mbele ya macho ya watu, akafagia, wala hakumtazama mtu. Jioni ile Somoe akamimina nusu ya unga wake kwenye bakuli, akampelekea. Fatu akapokea bila neno. Kesho yake bakuli likarudi, limeoshwa, bila neno.

Na wale pweza walioibwa usiku Somoe asipokuwepo, nani alikuwa akiwanunua? Wote walijua. Ni Bi Esha, mchuuzi mwenye jokofu kubwa la barafu, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Hakuwa mwanachama wa kikundi na hakutaka kuwa. "Mimi nafanya biashara," alisema. "Mtu akiniletea nanunua. Kuulinda mwamba ni kazi yenu."

Somoe alikwenda kwake mara nyingi, akamwomba aache. Bi Esha alimkaribisha chai, akacheka, akaendelea.

Siku ya kufungua ikafika. Maji yalitoka mbali kuliko watu walivyozoea kuona. Wanawake wakashuka na vijiti, wengine wakiimba. Mara ukelele: "Jamani, njooni mwone!" Pweza wa kwanza alipotolewa alimzungushia mama mmoja minyiri yake mkono mzima mpaka begani. Wa pili mkubwa kumshinda wa kwanza. Kila shimo na mwenyewe. Somoe akasimama katikati ya maji ya magotini akicheka na kulia kwa pamoja, akijifuta kwa mkono wenye wino wa pweza.

Walipopanda, mizani ikafanya kazi, makreti yakajaa. Kilichobaki ni lori la mnunuzi lenye barafu.

Lori halikuja. Jua likapanda, lori halikuja. Nakiete akakimbia mpaka juu ya kilima ambako simu hushika mtandao, akarudi uso umembadilika. Daraja la mtoni limekatika. Lori limerudi nyuma, linazunguka njia ndefu, litafika jioni.

"Jioni!" wakasema wanawake. Wakayatazama makreti. Jua lilikuwa limesimama utosini, na nzi wameanza kujua habari. Wakalowesha magunia, wakafunika, wakapepea, lakini kila mmoja alijua kwamba maji peke yake hayatatosha.

Bi Esha alikuwa amesimama mlangoni kwake. Siku ile jokofu lake lilijaa nguru na changu wa harusi moja mjini, harusi ya watu wakubwa, nao walikuwa wakimsubiri. Akayatazama makreti kwa muda. Kisha akafunga kanga kiunoni, akafungua jokofu, akaanza kutoa samaki wake na kuwatupa kwenye beseni.

"Haya, chukueni barafu," akasema.

"Bi Esha, na samaki wako?" akauliza Somoe.

"Nitawatia chumvi, nitawakaanga, watakaooza wataoza. Msinitazame, chukueni! Nyinyi, pweza hawa wakiharibika leo, mwamba huu hamtaufunga tena maisha yenu. Nawajua. Mtasema tulijaribu, basi."

Wakabeba barafu kwa ndoo, kwa sufuria, kwa kanga. Pweza wakafunikwa. Bi Esha akawasha moto wa kukaangia, akabaki na moshi wake na hasara yake. Wenye harusi walimpigia simu wakimtukana, na hawakununua tena kwake.

Katika haraka hiyo ya kupanga na kufunika, Somoe alinyanyua kreti moja akaona kitu. Chini ya pweza wakubwa palikuwa na minyiri myembamba, minyiri ya pweza wadogo. Mtu alikuwa amewachanganya. Akafikiria miezi yote ile ya kusimama majini, shemeji aliyenuna, kisamvu. Akajiambia, "Ni wachache tu." Akaweka barafu juu, akasogeza kreti kwa wenzake.

Lori likafika jioni, limejaa tope. Akashuka kijana wa mnunuzi aitwaye Shayo, mkononi kipimajoto. Akapima kreti hili, akapima kreti lile, akatazama pweza waliokuwa juu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Kazi nzuri sana, mama zangu. Pakieni."

Wakaanza kupakia. Ndipo sauti ikatoka nyuma. "Subiri, kaka."

Alikuwa Fatu. Tangu siku ya kufagia soko hakuwa amesema neno mbele za watu.

"Kreti lile la pembeni lina wadogo chini, nimewaona tulipokuwa tukiweka barafu. Fukua uone."

"Fatu, nyamaza!" akanong'ona mmoja. "Unatuua!" akasema mwingine. Mama mmoja akamvuta kanga. Fatu akaivuta kanga yake, akasogea mbele.

"Mimi nilifagia soko kwa ajili ya pweza kama hao," akasema. "Watoto wangu walilala njaa ili pweza wakue. Leo hawa wadogo wakipanda lori kimya kimya, basi mimi nilifagia bure."

Shayo akafukua. Akawatoa wadogo mmoja baada ya mwingine, akawaweka mchangani. Nakiete alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Shayo akasema, "Kwa masharti yetu, nikikuta hivi narudisha mzigo wote." Akapanda kilimani kupiga simu. Somoe aliutazama mgongo wake ukipanda, akatamani ardhi immeze, maana yeye alijua kabla ya Fatu kusema.

Shayo akarudi. "Kreti hilo linabaki," akasema. "Mengine nachukua. Vijiji vingi nimekuta pweza wadogo wamefichwa. Kijiji ambacho mtu amenionyesha mwenyewe, sijawahi kukiona. Tajiri wangu anasema mwamba wenu ukifunguliwa tena, atakuja tena."

Na kweli alikuja tena. Mwamba ukafungwa, ukafunguliwa, ukafungwa. Walinzi wakapatikana wa kutosha, na hata shemeji akalinda. Bi Esha akaacha kununua wa wizi, akawa ndiye mwenye barafu ya kikundi.

Kisha Nakiete akaja na habari. Mnunuzi anataka kuchapisha maboksi mapya. Juu ya boksi patakuwa na jina la mwamba, jina la kijiji, na jina la mtu mmoja wa Mchangamle, ili anayekula pweza huko mbali ajue ametoka mikononi mwa nani. Jina moja tu, na boksi likishachapishwa limechapishwa.

"Chagua wewe, mwanangu," wakamwambia.

"La, mama zangu," akasema Nakiete. "Mimi sikusimama majini, sikupoteza samaki, sikutukanwa. Chagueni wenyewe."

Wakakutana bandani. Wengi wakapiga kelele, "Somoe! Somoe!" Mama mmoja akasimama: "Bila Somoe kusingekuwa na pweza wa kuweka kwenye barafu, wala wa kumwonyesha mnunuzi. Sisi wote tulichoka, yeye hakuchoka. Kuna la kujadili?"

Bi Esha akacheka kicheko chake, kisha akaacha kucheka. "Mimi nilinunua wa wizi, sikatai, kila mtu anajua. Lakini pweza wa Somoe bila barafu yangu wangekuwa chakula cha nzi kabla ya alasiri. Nyinyi mlilinda mali yenu. Mimi nilitoa mali yangu kuokoa mali yenu, na wateja niliopoteza siku ile hawajarudi mpaka leo. Nani mwingine hapa alitoa kitu kwa ajili ya kisicho chake?"

Watu wakamgeukia Fatu. Fatu akasimama taratibu. "Mimi niliiba, nikashikwa, nikaadhibiwa. Lakini hebu semeni ukweli. Pweza na barafu vilikuwepo, na bado mngepoteza kila kitu siku wale wadogo wangegunduliwa kule mjini. Mnunuzi harudi kwa sababu ya pweza wakubwa, wakubwa wako pwani yote. Anarudi kwa sababu ya neno. Na neno lile nililisema mimi, na wote mlikuwa mnanivuta kanga."

Kisha kelele zikaanza upya: "Somoe! Mwandikeni Somoe!"

Somoe akainuka. Alikuwa hajalala vizuri kwa siku nyingi. Angeweza kukaa kimya, jina lingeandikwa lake na asingejua mtu.

"Kreti lile," akasema kwa sauti yake ya kukwaruza, "mimi niliona kabla. Niliona wadogo, nikaweka barafu juu, nikanyamaza."

Mtu akaguna. Fatu akamtazama, kwa mara ya kwanza tangu ile asubuhi ya mwambani.

"Sasa amesema na yeye," akasema mama mmoja. "Tena amesema wakati kusema kunamnyima."

"Amesema hatari ikiwa imeshapita," akajibu Bi Esha. "Fatu alisema ikiwa mlangoni."

"Na wewe barafu uliitoa baada ya kula faida ya wizi msimu mzima!" akadakia mwingine.

Wakabishana mpaka adhana ya alasiri ikasikika, na simu ya Nakiete ikaanza kuita. Ni wachapaji wa maboksi. Nakiete akapokea, akawaambia wasubiri kidogo, akawageukia wanawake, kalamu mkononi.

Haya, jamaa zangu, kalamu nawapa nyinyi. Yupo aliyelinda miezi mitatu akanyamaza dakika moja. Yupo aliyenunua wa wizi kisha akatoa barafu yake yote kwa ajili ya wengine. Yupo aliyeiba kwa njaa, naye ndiye aliyesimama peke yake akasema kweli. Boksi ni moja na jina ni moja. Je, nani alistahili?