Watani wa Ndani ya Ukungu

Hapo zamani za kale, enzi ambazo ukungu nao ulikuwa na kwao, palikuwa na mji wa wanyama bondeni. Baridi ikiingia, ukungu ulishuka milimani polepole, ukapiga hodi kila nyumba, ukakaa. Ukinyoosha mkono wako, huuoni. Sauti zilielea zenyewe, huku mchi, puu! puu!, kule mtoto akilia, na hujui nani anatwanga wala nani analia.

Mwenye mji alikuwa Mzee Nyati, mwenye pembe nzito na sauti nzito zaidi. Msemaji wake alikuwa Bi Kiboko, ambaye akisema jambo, limesemwa mpaka kesho kutwa. Na pembeni kabisa, kwenye mwamba, aliishi Pimbi, mdogo, hana hata mkia wa kufukuzia nzi. Lakini akili, wanangu! Akili za Pimbi zilimtosha yeye na jirani yake, na nyingine zikabaki.

Jirani mwenyewe alikuwa Mama Fisi, mjane mwenye watoto wadogo. Walikuja na ukame, wakajenga kijumba ng'ambo ya kijito. Mjini hakuna aliyewahi kuwapa hata salamu. "Fisi hucheka misibani," walisema. "Fisi ni kipando cha wachawi." Nani aliyeona? Hakuna. Lakini kila mmoja alisikia kwa mwenzake, na mwenzake alisikia kwa shangazi yake.

Pimbi alijua mengine. Mvua zilipomzimia jiko, ni Mama Fisi aliyevuka kijito na kijinga cha moto, amekikinga kwa kifua chake. Kwa hiyo siku Bi Kiboko aliposimama uwanjani kutangaza, Pimbi alisogea karibu asipitwe na neno.

"Sikilizeni nyote! Shauri limepita! Ukungu huu ukiinuka tu, vijana wa Mzee Nyati watakwenda kumng'oa Fisi na vitoto vyake. Kwa sasa njia haionekani, tutapotea bure."

Pimbi akautazama ukungu. Akauona mwepesi kuliko jana.

Sasa, mji ule ulikuwa na huzuni yake nyingine. Watani wao, ukoo wa Punda Milia, walikuwa wamehama. Na mnajua, wanangu, mji usio na watani ni mji wa kununa. Mtani ndiye anayekuja msibani akamtania marehemu mpaka machozi na kicheko vichanganyike. Mtani ndiye anayemwambia mkubwa ukweli na mkubwa asinune, maana mtani hakasirikiwi, wala mtani hafukuzwi. Mama yake Nyati alipofariki, watu walikaa matanga kimya, wakitazamana tu. Nyati alikuwa hajausahau ukimya ule.

Pimbi akamfuata kwake, tipu tipu tipu, akipapasa ukuta.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Sauti ndogo hivyo ni ya nani?"

"Ya Pimbi. Mzee, nimekupatia watani."

"Eeh!" Nyati akainuka hata uji ukamwagika. "Watani? Wa wapi?"

"Wa ng'ambo. Ukoo wa zamani, wenye meno na maneno. Ila wana mila yao. Utani kwao hufungwa ndani ya ukungu. Hakuna kuonana, hakuna kuulizana ukoo, mpaka kibuyu cha togwa kizunguke na kiapo kiapwe."

"Mila gani hiyo?"

"Ukimwona mtu kwanza, Mzee, unataniana na sura yake. Wao wanataka kutaniana na mwenyewe."

Nyati akalitafuna hilo neno. "Na Bi Kiboko? Atakubali?"

"Mwambie ni shughuli ya wakubwa. Atafika kabla yetu."

Kisha Pimbi akavuka kijito, maji yakimfika kidevuni, akamkuta Mama Fisi amewakumbatia wanawe.

"Dada, njooni wote. Mtakaa, mtasema mnavyotaka. Jambo moja tu: msicheke! Kohoeni, pigeni chafya, lakini kicheko, hapana."

"Hilo tumelizoea, mdogo wangu," alisema Mama Fisi.

Basi Pimbi akawasha moto wa mvumbasi katikati ya uwanja, moshi wake mtamu ufunike kila harufu. Wenye mji wakaketi upande huu, wageni upande ule, na kati yao weupe mtupu. Hapakuwa na juu wala chini. Ilikuwa kama wote wamelala na wanaota ndoto moja.

Nyati akaanza. "Nyie wageni! Nasikia kwenu mezani mnanyang'anyana, mwenye mdomo mkubwa ndiye baba!"

Pimbi akachochea moto, moshi uzidi. Halafu sauti laini ikaja kutoka ng'ambo ya moshi.

"Afadhali sisi. Nyie wa bonde hili nasikia mnameza chakula, halafu mnakirudisha mdomoni mkitafune tena. Ubahili gani huo?"

"Ha! Ha! Haaa!" Nyati alicheka mpaka ardhi ikatetemeka, titititi! Alikuwa hajacheka tangu mama yake azikwe.

Bi Kiboko hakukubali kuachwa. "Na mimi? Hamna la kuniambia mimi?"

"Wewe, bibi, ukiamkia watu mtoni, samaki wanahama."

"Loo! Mshenzi huyu!" Bi Kiboko akapiga makofi kwa furaha.

Kibuyu kikazunguka, kikipita mikono isiyoonekana. Nyati akanywa, akaapa: "Mtani, nikikukasirikia, nikose wa kunizika." Na sauti ikajibu: "Nami nikikununia, nikose wa kunililia."

Baada ya kiapo maneno yakapoa. Ukungu una tabia hiyo, humfanya mtu aseme kana kwamba anajisemea.

"Mtani," alisema Nyati taratibu, "mji mzima unaniogopa. Tangu mama aondoke, hakuna aliyeniuliza nimelalaje."

"Umelalaje, mtani wangu?"

Nyati akakiweka kibuyu chini. "Vibaya. Na wewe?"

"Mimi kulala nalala. Kuamka ndiyo kazi. Huku tulipo, tukicheka, watu hufunga milango. Nimewafundisha wanangu kuchekea ndani ya chungu, sauti isitoke."

"Ndani ya chungu!" Nyati akahema kwa hasira, hfff! "Mtoto akatazwe kucheka? Mwenye mji huo ni mpumbavu gani?"

Pimbi akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Ni mkubwa, mtani. Siwezi kumtaja."

"Hata awe mkubwa kama mlima, ni mpumbavu! Mpumbavu na nusu! Kwangu hapa hakuna chungu. Cheka, mtani! Cheka bonde lisikie!"

"Mzee, wageni wamechoka..." Pimbi alidakia.

"Nyamaza, Pimbi!"

Mama Fisi alijizuia. Akauma mdomo, akauma na mkono. Lakini mwenye mji kujitukana kwa kinywa chake mwenyewe! Kicheko kikampasuka: "Hiii-hihihihi! Uuu-hihihihi!" Na wanawe wakadakia, hihihi! hihihi!, kila mmoja na chake.

Wenye mji wakarukia nyuma.

"Mama yangu! Fisi!" akapiga yowe Bi Kiboko. "Tumekunywa kibuyu kimoja na Fisi!"

Upepo ukapita, ukungu ukaanza kuchanika vipande vipande. Pimbi alitamani mwamba ufunguke aingie. Nyati akainuka, akaja, du, du, du, mpaka mbele ya Mama Fisi. Mama Fisi hakukimbia. Aliwasogeza tu watoto nyuma yake.

"Pimbi," alisema Nyati bila kugeuka, "umenidanganya."

"Kuhusu mila, Mzee, nimekudanganya," Pimbi akajibu. "Watani ni wa kweli."

Vijana wakasogea na fimbo zao. "Tuwatoe, Mzee? Njia inaonekana sasa."

Nyati alimtazama Mama Fisi kwa muda mrefu, kama anayetafuta sauti ile ilikotokea. Kisha akainamisha pembe zake.

"Mtani," alisema, "kumbe sura yenyewe ndiyo hii? Mgongo umeteremka kama paa lililokosa nguzo!"

Chozi lilimlenga Mama Fisi. "Na wewe, mtani," akajibu, "pembe zimekugawa nywele kama bibi harusi."

"Pfff!" Ni Bi Kiboko huyo, wanangu! Alijaribu kuzuia, ikamtoka puani. Vijana nao wakaangua kicheko, na fimbo zikawa za kuegemea tu.

Nyati akaketi chini, ubavuni mwa Mama Fisi, mahali ambapo mji mzima ulimwona.

"Umesema kuamka ndiyo kazi," alimwambia. "Kesho nitapita kukuamkia."

Usimhukumu mtu kwa uliyoyasikia kwa wengine. Keti naye, umsikie mwenyewe.