Kobe Chini ya Kabati

Kuna watu ambao migongo yao haikuzoea kuinama. Si kwamba wanaumwa. Cheo kiliwaingia mgongoni kikakaa humo kama kijiti ndani ya mshikaki. Watu wa namna hiyo wakidondosha kitu, husubiri mtu apite awaokotee. Lakini wahenga hawakumwogopa mtu. Walitwambia kwamba kilichoko chini ya kitanda hakitoki kwa amri wala kwa ukali. Anayekitaka atashuka mwenyewe akichukue, awe mwenye enzi au mfagiaji. Mwalimu Namgung Seok wa mji wa Chuncheon alikuwa mtu mzima mwenye mvi tele alipoujua ukweli huo, na aliujua akiwa amelaza shavu sakafuni.

Alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi. Kila asubuhi alisimama jukwaani, wanafunzi wakamwinamia kwa pamoja, naye akawajibu kwa kutikisa kidevu. Alipostaafu, shule ilibaki na jukwaa lake, yeye akarudi nyumbani na mgongo wake.

Mungu alimjalia mtoto mmoja tu, Da-on. Alimsomesha kwa jasho, akamtia kwenye ualimu, akamtangaza mtaa mzima. Siku moja Da-on aliacha kazi hiyo, akaenda Seoul kufanya kazi katika saluni ya kucha.

"Kucha!" Mwalimu alinguruma. "Mtoto wangu mimi anainamia miguu ya watu?"

"Ni kazi ya halali, baba. Na ninaipenda."

"Haya, ipende. Lakini hapa usikanyage mpaka siku utakayokuja kupiga magoti na kuomba radhi!"

Da-on alivaa viatu vyake pale mlangoni, akaondoka. Baridi ikaja ikaenda, ikaja tena ikaenda, binti hakurudi. Mama yake, ambaye watu wote walimwita Mama Da-on, alizungumza naye kwa simu akiwa amejifungia jikoni. Mwalimu naye alikaa sebuleni na gazeti usoni, na saa nzima ukurasa haukugeuka. Kumkumbuka alimkumbuka, tena sana. Kusema ndiko kulikomshinda.

Baridi ya tatu ilipoingia, rafiki wa Da-on mwenye gari aliwaletea boksi. Ndani yake mlikuwa na kobe, taa ya joto na beseni dogo. Da-on alikuwa amepanga chumba juu ya paa, na mwaka huo kilikuwa baridi mno kwa kobe wake. Kobe mwenyewe aliitwa Nurungji, yaani ukoko wa wali, kwa sababu gamba lake lilikuwa na rangi ileile ya kahawia inayotamanisha.

"Anakaa kwetu mpaka baridi iishe," Mama Da-on alisema. "Kisha atakuja kuchukuliwa."

"Na nani?" Mwalimu aliuliza, macho kwenye gazeti.

"Na Da-on. Ulidhani nani? Mtu hatumi mgeni kuja kumchukulia mwanawe."

Mwalimu alikohoa. "Mlango haujafungwa kwa kufuli," akasema, kisha akaona haya kwa kulisema hilo.

Tangu hapo kobe yule akawa si kobe tena. Akawa ndiye sababu pekee itakayomrudisha Da-on katika nyumba ile. Akiishi, binti atapita mlango ule. Akifa, basi tena. Mwalimu aliyapima hayo yote moyoni.

Kazi ya kumtunza ilimwangukia yeye. Mama Da-on alikuwa ametoka kupasuliwa magoti yote mawili na kuwekewa ya chuma, na daktari amemkataza kuchuchumaa. Da-on alikuwa amemwelekeza mama yake kwa simu: taa iwake mchana kutwa, kobe aloweshwe katika maji ya uvuguvugu kila asubuhi, na sakafu isipashwe moto sana. Mama Da-on aliyafikisha yote, neno kwa neno.

"Nimelea watoto wa watu mamia kwa mamia," Mwalimu alijibu. "Nitashindwa na kobe? Tena nifundishwe na nani, na msichana wa kucha?"

Akaichomoa taa, maana taa ya mchana kwake ilikuwa israfu. Sakafu za huko hupashwa kwa maji ya moto yapitayo katika mabomba chini yake, na pale mabomba yanapoanzia ndipo penye joto kuliko pote. Mahali hapo tangu jadi huachiwa mkubwa au mgeni wa heshima. Basi Mwalimu akamweka Nurungji palepale, akamfunika blanketi, na moto wa sakafu akauongeza mpaka mwisho. Mwenyewe alivaa soksi nene za sufu na kukaa kochini. Chakula alimpa kwa koleo refu la jikoni, yeye akiwa hukohuko juu ya kochi, ili asilazimike kuinama.

"Nyumba inachemka, Baba Da-on!" mkewe alilalamika kutoka kitandani.

"Mgeni asipate baridi," alijibu.

Ukali wake ulikuwa wa mdomoni tu. Mkewe alipokwenda hospitali kunyooshwa magoti, Mwalimu alibaki akizungumza na kobe. "Umeamkaje, mheshimiwa? Kula basi. Mwenyewe akija akukute umenona." Nurungji alimtazama kwa jicho la kizee, akatafuna jani la figili, na Mwalimu akafurahi kama aliyeletewa mjukuu.

Lakini siku hazikuwa nyingi kobe akaanza kususia majani. Kisha akawa anajikokota kutoka mahali pa heshima, na Mwalimu anamrudisha kwa kumsukuma na ufagio. Anajikokota, anarudishwa. "Kichwa kigumu kama mwenyewe!" Mwalimu alimkemea, asijue kwamba mwenzake anakimbilia uhai. Sikio la kufa halisikii dawa.

Asubuhi moja theluji ilikuwa inaanguka, na Nurungji hakuonekana. Walimtafuta bafuni, wakamtafuta jikoni. Mwishowe Mama Da-on, akiegemea fimbo yake, alisikia mkwaruzo chini ya kabati la matandiko. Mwalimu akachukua ufagio, akautia uvunguni, akauzungusha. Hakikutoka kitu ila vumbi.

"Toka!" aliamuru kwa sauti yake ya jukwaani. "Nasema toka!"

"Mpigie na kengele," mkewe alisema. "Labda atajipanga mstari."

"Mama Da-on, huu si wakati wa mzaha."

"Basi acha kumchokoa na kijiti, utamuumiza! Mimi siwezi, magoti yangu ni ya chuma. Wewe una yako ya Mungu. Shuka, mume wangu, ushuke."

Lisilo budi hutendwa. Mwalimu Namgung alishusha goti moja, akashusha la pili, viungo vikalalamika. Bado hakuona kitu. Akalala kifudifudi, akaweka shavu sakafuni ili achungulie, na papo hapo akaliinua kwa maumivu.

Sakafu ilikuwa inaunguza.

Akaweka kiganja. Hakikuvumilia. Pale mahali pa heshima ndipo kabisa, huwezi hata kuhesabu hadi tatu kabla ya kuuondoa mkono. Akanyoosha mkono chini ya kabati, kwenye kona ya ukuta wa nje ambako bomba halifiki, akakuta sakafu ni baridi shwari. Huko ndiko Nurungji alikojibanza. Mwalimu alimvuta polepole, akamgeuza. Gamba la tumboni lilikuwa limebabuka, macho yamedidimia, miguu imekauka kama maganda.

"Mungu wangu," alisema. "Mama Da-on, nimemkaanga."

Mama Da-on alitaka kumlaumu, lakini alipoiona sura ya mumewe akamsogezea beseni kwa fimbo. Mwalimu alimpigia daktari wa mifugo wa karibu. Daktari akauliza ni kobe wa aina gani, ana umri gani, alikuwa na uzito gani alipokuja. Mwalimu hakuwa na jibu hata moja. "Basi mwulizeni mwenye kobe haraka," daktari alisema, "maana mimi kobe simjui sana."

"Mpigie Da-on," Mwalimu alimwambia mkewe.

"Mpigie wewe."

"Mama Da-on, nakuomba."

"Nimekuwa daraja lenu baridi tatu hizi. Daraja limechoka, lina magoti mapya. Simu hii hapa."

Mama Da-on aliibonyeza namba mwenyewe, akaiweka simu sakafuni karibu na beseni, kisha akatoka chumbani kwa fimbo yake. Simu iliita. Mwalimu alikuwa amepiga magoti, kobe mikononi, hana hata mkono wa kukamatia simu. Ikambidi aiinamie.

"Mama? Kuna nini?"

"Ni mimi."

"Baba?"

Alitaka kuanza kwa kuulizia hali ya hewa, kama wafanyavyo wakubwa wenye hatia. Akamtazama Nurungji. "Da-on, nimekosea. Taa niliizima. Nilimweka pale penye moto zaidi, nikadhani namheshimu. Ameungua. Sijui nifanye nini. Nifundishe, mwanangu."

Upande wa pili alisikia binti akivuta pumzi, ndefu. Kisha sauti ikaja ikiwa imara, sauti ya mwalimu hasa. "Zima moto wa sakafu. Tia maji ya uvuguvugu kwenye beseni, yasipite kidevu chake. Kobe hupata joto kutoka juu, baba, kwenye jua. Moto wa chini hajui kuukimbia mapema. Akija kuujua ameshaungua." Mwalimu alikwenda kuzima moto, akarudi na maji. "Umemtia majini?"

"Nimemtia."

"Mshike kichwa kisizame. Msafishe miguu taratibu, na katikati ya kucha."

Mwalimu akamsafisha, kidole kwa kidole. Kidogo kidogo shingo ikanyooka, na mdomo ukagusa maji.

"Anakunywa!" alipiga kelele. "Da-on, anakunywa!"

"Baba," binti aliuliza, "uko wapi hapo? Sauti yako inatoka chini."

"Niko sakafuni. Nimepiga magoti."

Alisikia mtu analia huko Seoul, naye akalia, machozi yakadondokea ndani ya beseni. "Njoo," alisema. "Si kwa ajili ya kobe. Njoo tu."

Da-on alikuja kesho yake na treni ya kwanza. Kengele ilipolia, Mama Da-on alimfungulia, wakakumbatiana palepale mlangoni panapovuliwa viatu.

"Nurungji yuko wapi? Tumpeleke Seoul, kuna daktari wa kobe ananingoja."

"Alikuwa chini ya taa. Sasa amerudi uvunguni," mama alisema, "kwa miguu yake mwenyewe."

Da-on aliingia chumbani, akaona nyayo mbili za soksi za sufu zimetokeza chini ya kabati. Mwalimu mkuu Namgung Seok alikuwa amelala kifudifudi, kichwa kiko uvunguni, anabembeleza: "Njoo, mheshimiwa. Mwenyewe kaja." Akatoka kinyumenyume, vumbi kwenye mvi, Nurungji kifuani.

Da-on alisimama. Alikuwa amelikariri neno lake njia nzima. "Baba, uliniambia nikija nipige magoti…" Akaanza kushuka.

Mwalimu alimdaka kiwiko. "Acha," alisema. "Nimeshapiga mimi. Yanatosha nyumba nzima."

Daktari wa Seoul alisema kobe atapona, ila kovu la tumboni halitafutika, wakamrudisha Chuncheon. Baridi iliisha, Da-on akaja kumchukua, na baada ya hapo akawa anakuja hata bila ya kobe. Siku nyingine alimkuta baba yake sakafuni, ameegemea kabati, na alipoulizwa anafanya nini alijibu kwamba amepazoea. Alikaa jukwaani miaka yote ile akitaka kitu kilichokuwa chini, na amri zake zote hazikukitoa. Mpenda cha uvunguni sharti ainame.