Kengele ya Mchungaji Zefania

"Kengele huita wazima, mgonjwa hufuatwa." Mmeisikia methali hiyo leo mkutanoni, vijana wangu, mkacheka. Mlikuwa mnamsifu kiongozi wenu kwa spika mpya na sare za kwaya, mzee mmoja akawatupia maneno hayo akakaa. Sasa mnaniuliza yametoka wapi. Basi wekeni simu hizo chini mnisikilize, maana chanzo chake hakichekeshi.

Huku kwetu milimani Upare alikuwako mzee wa kanisa, Yoeli Mchomvu, na mkewe Nakunda. Enzi zile za marehemu Mchungaji Kalebu palikuwa na desturi moja. Mgonjwa asiyeweza kuja kanisani alipelekewa Chakula cha Bwana nyumbani, na mchungaji alitembea akitikisa kengele ndogo ya mkono njia nzima. Waliokuwa wakilima waliweka jembe chini, waliokuwa wakigombana walinyamaza. Mgonjwa naye akiisikia huomba anawishwe uso, avikwe gauni jeupe, akalishwe kitako, asimpokee Bwana wake akiwa amelala.

Kalebu akafa, akaja Mchungaji Zefania. Kijana, ana sauti nzuri, ana mipango. Wakati huo mkuu wa jimbo alizunguka kila mwaka kuzipima sharika, na kipimo chake kilikuwa macho tu: bati, saruji, madirisha ya vioo. Akimaliza kutazama, huwauliza wazee mbele ya watu, "Mchungaji wenu ni mchungaji wa namna gani?" Na wazee husimama wakasifu, kwani nani atapenda usharika wake uaibike mbele ya wageni? Zefania alikijua kipimo hicho vizuri. Akaamua kujenga mnara na kutundika kengele itakayosikika mpaka bondeni.

Ikapigwa pembe ya msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, wakubwa kwa wadogo wakatoka kubeba mawe na mchanga wa mtoni. Yoeli akawekwa msimamizi, na kazi ile aliipenda, nisiwafiche. Nakunda alishaanza kuumwa tumbo, lakini mke wa msimamizi atakaaje nyumbani? Alibeba mchanga na wenzake hadi siku alipoanguka njiani na karai lake. Tangu hapo hakutoka tena kitandani.

Hospitalini walimrudisha nyumbani, naye akaelewa maana yake. Akamwambia mumewe, "Baba Elieneza, sina haja ya kitu kingine. Niletee mchungaji nishiriki Meza ya Bwana, nipate kuondoka vizuri."

Yoeli akaenda. Mchungaji akamwambia, "Ngoja kwanza tuezeke mnara, mzee wangu." Akaenda tena, akaambiwa kengele imefika na mafundi wanasubiri. Kila mara alirudi akamwambia mkewe kesho, na mkewe akaitikia haya. Mtu wake anakufa, naye kazi yake ni kumbebea mwingine visingizio. Ilimuuma Yoeli, ilimuuma sana, lakini alikuwa mzee wa kanisa na hakuzoea kumpandishia mchungaji sauti.

Siku ya kuzindua kengele alimkuta Zefania akivaa joho.

"Mchungaji, hali yake leo siyo. Ni hapo chini tu, nyuma ya shamba la tangawizi. Utakwenda na kurudi."

"Mzee Mchomvu, mkuu wa jimbo yuko njiani. Akifika asinikute, nitamwambia nini?"

"Mwambie umekwenda kwa mgonjwa."

Zefania akamshika bega. "Kesho alfajiri nitakuja mwenyewe. Ila leo nakuomba, usininunie mbele ya wageni."

Kengele ikapigwa. Milima yote ikaitika, na mkuu wa jimbo akawa anatikisa kichwa kwa furaha. Kisha akauliza swali lake, akaanza na msimamizi. Yoeli akasimama. Alitaka kusema. Akawaona watu wamevaa nguo zao nzuri, akamwona Zefania anamtazama, ulimi ukamgeuka.

"Ni mchungaji mwema," akasema. "Anawajua kondoo wake."

Watu wakapiga makofi, na kengele ikapigwa mara ya pili. Yoeli akakaa, mdomo wake mchungu kama aliyelamba shubiri. Hakungoja chakula.

Nyumbani alimkuta mkaza mwanawe, Naetwe, amekaa kizingitini na beseni la maji mapajani.

"Baba, mama aliisikia kengele. Akasema, 'Mchungaji anakuja.' Nikamwambia hapana mama, hiyo ni ya mnara. Akasema, 'Ninawishe mwanangu, nisikutwe hivi.' Nikamnawisha, nikamvika. Ilipolia tena akasema, 'Amekaribia, fungua mlango.' Nikafungua."

Nakunda alikuwa bado ameketi akielekea mlangoni, ndani ya gauni lake jeupe, viganja vimefunguliwa magotini kama vya mtu anayepokea mkate. Lakini alikuwa ameshakata roho.

Walimzika kesho yake. Mkuu wa jimbo alikuwa amelala kwa mchungaji, kwa hiyo alikuja naye. Akasema mama huyu amebarikiwa, maana kengele mpya imemlilia yeye wa kwanza. Kisha ndugu wakaitwa watoe neno la shukrani kama ilivyo ada, na Yoeli akasogea kaburini.

"Baba mkuu," akasema, "jana uliniuliza mchungaji wetu ni wa namna gani, nikasema uongo ndani ya kanisa. Leo niulize tena."

Mkuu wa jimbo akamgeukia Zefania.

"Basi nitasema bila kuulizwa. Huyu aliubebea mnara wenu mchanga hadi akaanguka. Kengele ilipolia akanawa, akakaa, akangoja, na aliyeingia mlangoni ni upepo. Kengele huita wazima, baba mkuu. Mgonjwa hufuatwa."

Akachota udongo kwa mkono, akautupa kaburini, akaondoka bila kumpa mtu mkono.

Mnadhani Zefania aliulizwa lolote? Mwaka uliofuata alihamishiwa usharika mkubwa wa mjini, akasifiwa kwa mnara. Msinitazame hivyo, ndivyo ilivyokuwa. Yoeli aliuacha uzee wa kanisa. Kila Jumapili kengele ilipolia, watu walipishana naye njiani, wao wanapanda, yeye anashuka kwenda kwenye nyumba za wagonjwa. Meza ya Bwana hakuwa na ruhusa ya kuwapa. Aliwanawisha nyuso, akakaa nao mpaka ibada iishe.

Sasa mrudi kwenye kiongozi wenu. Spika tumeziona, sare tumeziona, zinapendeza. Lakini mwenzenu Namche, aliyekuwa akiimba nanyi mstari wa mbele, amelala kwao tangu Pasaka. Yupi kati yenu amewahi kumkuta kiongozi huyo pale kitandani? Nyinyi wenyewe je, mmekwenda?

Mbona hamcheki tena? Kengele huita wazima, wanangu. Mgonjwa hufuatwa.