Mkeka wa Jina Moja

Nipeni masikio yenu, na ubishi muuweke akiba kwanza. Mtauhitaji.

Bi Kirembo alikuwa msusi wa mikeka ya majina, ile ambayo herufi husukwa kwa chane za ukindu zilizotiwa rangi. Watoto wake walikuwa watatu. Riziki alijaliwa jicho kali, Khatibu ulimi, na Vuai, masikini, alinyimwa maneno akapewa mgongo.

Siku moja Bi Kirembo alisuka zambarau mahali pa nyekundu. Majirani wakausifu urembo mpya. Riziki peke yake ndiye aliyesema, "Mama, huu si urembo. Huoni." Bi Kirembo akamfokea, kisha akalia, maana ilikuwa kweli na alikuwa akiificha tangu mwezi wa mfungo. "Atakayenirudishia nuru," akaapa, "nitasuka jina lake."

Khatibu akaanza kumtafuta daktari wa macho. Simu ya kituo cha afya iliita siku nne bila kupokelewa. Akauliza dukani, msikitini, hata arusini, mpaka akapata namba ya muuguzi.

"Dakta Mwatima huja Jumatano moja tu kwa mwezi," muuguzi akamwambia, "na orodha imejaa."

"Basi dada'angu, mwandike mama pembeni ya karatasi."

Alimbembeleza hadi akacheka, akaandika. Bi Kirembo alisikiliza yote hayo akiwa hana la kufanya ila kukunja na kukunjua kanga yake.

Jumatano ilipofika, mvua ilikuwa imelivunja daraja na gari hazipiti. Vuai akainama. Alimbeba mama yake mgongoni saa mbili nzima, matope yakimfika magotini. Bi Kirembo aliona aibu, mtu mzima kubebwa kama kitoto, lakini angefanyaje? Walimkuta daktari anafunga sanduku la vifaa.

"La kulia limekwisha, bibi," Dakta Mwatima akasema. "La kushoto nitalisafisha, ila nyuma yake kuna maradhi nisiyoyaweza. Utaona wiki mbili, labda tatu. Baada ya hapo sina dawa."

Wiki hizo zinatosha mkeka mmoja. Nao una nafasi ya jina moja, wala haukatwi wakagawana, maana ukikatwa unafumuka wote.

"Ningenyamaza mimi, nani angejua?" akauliza Riziki.

"Na nisingempata daktari, mngempeleka kwa nani?" akajibu Khatibu.

Vuai alitazama chini. "Mimi nilibeba tu, mama."

Neno hilo ndilo lililomvunja kabisa Bi Kirembo. Anawapenda wote watatu, na wote wana haki. Siku tano sasa tangu asafishwe jicho ameshika chane mkononi na hajui aanzie wapi, na leo asubuhi ameona ukungu pembeni mwa jicho.

Haya, ubishi wenu nautaka sasa. Ungekuwa wewe, ungemwambia asuke jina la nani? Semeni upesi, jamani, hata herufi ya kwanza hajaianza.