Kwa Nini Friji Yetu Hupigiwa Hodi

Sogeeni, sogeeni ndani, msiogope kubanana. Jiko hili limeshawahi kuingia watu kumi na mmoja na sufuria la pilau. Nyinyi wageni mmeanza kazi jana tu na tayari nimewaona mnakonyezana. Mmeona watu wazima, wengine wana wajukuu, wanasimama mbele ya friji na kupiga hodi kabla ya kuifungua. Mmeona pia friji imejaa mpaka mlango unagoma, na rafu ya juu kabisa haina kitu ila kitambaa cheupe kilichokunjwa. Mmoja wenu leo asubuhi aliweka soda pale, nikaitoa, akaninunia. Usininunie, baba, hukujua. Mimi ni Bi Tunu, nachemsha chai ya ofisi hii mwaka wa ishirini na sita huu, na asili ya jambo lenyewe niliiona kwa macho yangu haya mawili. Nawe binti mwenye mkoba mwekundu, usisimame mlangoni kama umekuja kudai, njoo hapa ubavuni kwangu.

Basi. Zamani hizo friji hii ilikuwa bado inajifunga yenyewe, haijafikia kusukumwa kwa goti. Hakuna aliyeipigia hodi. Mtu alifika na chakula chake, akakiweka, akapanda juu kuchora ramani, akajua mchana atakikuta. Hakukuwa na jina kwenye kopo wala alama kwenye mfuniko. Nani atakula cha mwenzake? Tulikuwa wachache, na kila mmoja alikijua chakula cha mwenzake hata kwa harufu.

Kisha vitu vikaanza kupungua. Tena kwa adabu ya ajabu! Mwizi wetu hakuwa wa kubeba kopo zima. Ukiacha kuku, unakuta paja halipo na wali umesawazishwa kwa kijiko, umelala kama shamba lililopigwa haro ya trekta. Ukiacha sambusa tano, unakuta nne zimepangwa vizuri, zimeachiana nafasi, usione pengo. Mwajabu, aliyekuwa mpiga chapa wetu, alikula wali mkavu siku tatu mfululizo, na siku ya nne akaja na maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele yenu.

Watu walihangaika, jamani. Waliandika majina. Mwizi akala na majina yao. Mtu wa stoo akajaza sambusa moja pilipili kichaa tupu, tukakaa siku nzima tunatazamana midomo. Hakuna aliyelia. Mwajabu akachapa tangazo akalibandika kwenye mlango wa friji: anayekula vya wenzake aache mara moja. Na hapa ndipo penye kichekesho. Mkuu wa ofisi wakati huo, Mzee Shemweta, alikuwa hawezi kuona karatasi bila kuitia kalamu. Alisimama pale, akalisoma tangazo mpaka mwisho, akaandika chini yake kwa wino mwekundu, "Nimeona. Lizingatiwe," akatia saini na tarehe. Kisha akafungua friji, akachukua chapati ya mtu, akaenda zake.

Ndiyo. Alikuwa yeye. Na mimi nilijua, maana nilikuwa hapa kwenye sinki naosha vikombe, wala hakuniona. Ile sambusa ya pilipili ilipoliwa, ni yeye aliyeniomba maji, glasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, huku akiniambia kwamba joto la mwaka huu limezidi. Nikanyamaza. Mtasema Bi Tunu mwoga. Haya, nilikuwa mwoga. Watu walikuwa wameshaanza kunitazama mimi, mwenye ufunguo wa jiko, na bado nikanyamaza, kwa sababu nani angeamini kwamba mkuu wa ofisi, mzee wa shati la pasi na penseli sikioni, anadokoa mapaja ya kuku?

Wala hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alizaliwa nyumba ya watoto kumi na wawili, sinia moja, na mwenye mkono mzito hulala na njaa. Akili yake ilikua, mkono ukabaki kwenye lile sinia. Akiona chakula kimetulia, mkono unatangulia, yeye anaufuata nyuma.

Sasa katika mwaka huo huo, Siwema alirudi kazini kutoka likizo ya uzazi. Siwema alikuwa mchoraji wetu, binti mpole, mkono wake kwenye karatasi ya ramani hautetemeki. Alikuwa amemwacha nyumbani mwanawe wa kwanza, Salmini, wa miezi mitatu na siku chache. Na Salmini alikuwa na yake. Maziwa ya kopo aliyatapika. Wakajaribu kwa kijiko, akafunga mdomo kama mlango wa benki. Alitaka ya mama yake tu, basi.

Siwema alikwenda kwa Mzee Shemweta kuomba ruhusa ya saa moja kila mchana, akanyonyeshe arudi. Mzee akasema kazi ni kazi, akimruhusu mmoja kesho watakuja wote. Siwema hakubishana. Kila siku saa nne aliingia kwenye chumba cha ramani za zamani, akafunga mlango, akakamua, akatia kwenye chupa ya kioo aliyoichemsha mwenyewe. Akaizungushia kitambaa cheupe na kuiweka rafu ya juu. Saa sita kamili jirani yao, Bwana Hoza, alipita na pikipiki yake kuichukua. Na mama mkwe wa Siwema, aliyekuwa akimlea mtoto, alikuwa ameshasema neno lake: siku moja tu mtoto akishinda na njaa, kazi hiyo basi, mwali atarudi kukaa nyumbani. Kwa hiyo kazi yote ya Siwema, miaka yote aliyosoma, ilikuwa imesimama juu ya chupa ile.

Ikafika Jumatano. Maziwa ya chai yaliharibika, nikatoka kwenda kununua mengine, na dukani nikakuta foleni. Nyuma yangu Mzee Shemweta akashuka jikoni. Chai ya tangawizi iko tayari, inamnukia puani, maziwa hakuna. Akafungua friji. Mkono ukatangulia.

Niliporudi nilimkuta amekaa pale, kwenye benchi lile lile mnalolikalia, kikombe kitupu mkononi, anang'aa uso. Mwajabu yuko hapa, mtu wa stoo yuko hapa, wote wamefuata chai. Na Mzee anasifu. Anasema tangu afiwe na mama yake hajanywa chai tamu namna hii. Anasema haya si maziwa ya dukani, haya yana utamu wake, laini, hayana harufu ya ng'ombe. Akaniuliza ni nani aliyeyaleta, ili amwagize lita mbili kila wiki.

Nikatazama juu ya meza. Kitambaa cheupe. Chupa ya kioo, imebaki povu. Nikaiweka pakiti ya maziwa chini polepole.

Na papo hapo tukasikia honi ya pikipiki nje. Saa sita. Siwema akashuka ngazi mbio kama kawaida yake, akafungua friji, akapeleka mkono rafu ya juu, akapapasa. Akageuka. Akaiona chupa mbele ya Mzee Shemweta.

Mwajabu alielewa wa kwanza, kicheko kikamponyoka, akakikata katikati alipomwona Siwema. Maana Siwema hakupiga kelele. Aliketi sakafuni, hapo hapo mlipoweka mabegi yenu, na machozi yakamtoka bila sauti. Mzee bado hajajua. Akamwinamia, kwa huruma kabisa, akamuuliza kama amepata habari mbaya nyumbani, kama mtoto anaumwa.

Siwema akasema, "Mtoto ana njaa, baba. Hayo uliyokunywa ndiyo chakula chake cha mchana."

Jamani! Mzee alikitazama kikombe. Akamtazama Siwema. Rangi ya uso wake sijui niiite nini. Mimi nilidhani atakasirika, maana wakubwa wakiaibika hukasirika. Hakukasirika. Alisimama, akachomoa ufunguo wa gari la ofisi, gari ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa bila fomu tatu, akamwambia Siwema inuka twende. Nami nikajitosa kiti cha nyuma bila kualikwa. Ningekosaje?

Tulimsikia Salmini tangu mwanzo wa uchochoro. Kilio kile cha kukauka koo, kinachokwenda kikikatika. Siwema aliruka kabla gari halijasimama. Akaingia ndani, na baada ya kitambo kilio kikazimika, tukasikia kunyonya kwa pupa na kwikwi. Mzee Shemweta alisimama uani, kofia mkononi, hajui aiweke wapi mikono yake. Mama mkwe akatoka, kanga kiunoni, akamuuliza yeye ni nani.

Angeweza kusema ni mkuu wa ofisi. Nilitazamia aseme hivyo.

Akasema, "Mimi ndiye niliyekunywa maziwa ya mtoto."

Yule mama akampandisha na kumshusha kwa macho, mvi, miwani, penseli sikioni. Nikauma upindo wa kanga yangu nisicheke, maana nilikuwa karibu kulia na karibu kucheka. Kisha yule mama akamwambia, "Basi wewe na Salmini mmenyonya pamoja. Ila nawe kaka mtu, na ukubwa wote huo, unamnyang'anya mdogo wako?"

Sisi watu wa pwani mnatujua na udugu wa kunyonya, walionyonya ziwa moja ni ndugu. Niliporudi nikawasimulia, na Mwajabu hakulala mpaka alipokwenda kumuuliza maalimu wa msikitini. Maalimu alicheka mpaka akavua miwani. Akasema mtu mzima akinywa hapati udugu wowote, hilo lina mpaka wake wa umri, lakini aibu ya kula cha mtoto haina mpaka. Mwajabu akaileta fatwa hiyo ofisini asubuhi na mapema, mbio mbio, ili awe wa kwanza kuitangaza.

Akakuta Mzee ameshatangulia. Nami pia, nimekuja na ufunguo wangu, nikakuta mlango uko wazi. Mkuu wa ofisi, mikono ya shati imekunjwa, ndoo miguuni, anaosha friji. Aliisugua mpaka kwenye mipira ya mlango. Rafu ya juu akaiondolea kila kitu, akatandika kile kitambaa cheupe, amekifua na kukipiga pasi. Watu walipofika akatusimamisha hapa tulipo sasa, akataja moja moja. Paja la Mwajabu, mara tatu. Sambusa ya pilipili. Chapati ya siku ya tangazo. Hakuficha hata punje. Akanigeukia mimi na kuniomba radhi kwa kuacha watu waninyooshee vidole, na mimi nikamwomba Siwema radhi kwa kunyamaza, maana ningesema mapema chupa ile isingeguswa.

Kisha akamwita Siwema, binti ambaye yeye angeweza kumzaa, akamwita Mama. Akasema kuanzia leo, saa sita unakwenda nyumbani kwa mdogo wangu, na siku usipoweza kwenda, rafu ile ni yake peke yake. Halafu akaiendea friji. Akasimama mbele yake, ameifunga mikono nyuma, akasema, "Hodi."

Tukatazamana. Akarudia hodi. Siwema, akifuta macho, akaitika karibu, ndipo akafungua. Mtu wa stoo akamuuliza, mzee, friji nayo inapigiwa hodi? Akajibu, "Kopo la mtu ni nyumba yake. Humu mna nyumba kumi na moja, nami nimekuwa nikiingia bila kubisha."

Mwanzoni tuliitika kwa kicheko. Baada ya wiki tukaona mkono wako hauwezi kwenda kwenye kopo la mwenzako wakati umetoka kupiga hodi na watu wamekuitikia karibu. Mzee Shemweta alimwita Siwema Mama mpaka siku alipostaafu. Akija kututembelea bado hupiga hodi, ingawa siku hizi anakuja na maandazi yake mwenyewe. Salmini ana sauti ya kiume sasa, anavaa viatu vikubwa kuliko vya baba yake. Na Siwema, kama hamjui, ndiye mkuu wa ofisi aliyetia saini barua zenu za kazi.

Na tangu siku hiyo friji yetu hupigiwa hodi, na rafu ya juu haiwekwi soda, wala kuku, wala chakula cha mkubwa yeyote.

Sasa wewe, mwanangu wa mkoba mwekundu. Jana nilikuona ukiingia chumba cha ramani za zamani, ukatoka na chupa umeivingirisha mtandioni, ukaificha chini ya meza na joto lote hili. Mkoba huo umeukumbatia tangu nilipoanza kusema. Rafu ile wanaiita tupu, lakini haijawahi kuwa tupu, ilikuwa inamngoja mwenyewe. Wenzako watapisha. Toa chupa, mama, usione haya.

Haya, piga hodi. Sote tuko hapa, tutakuitikia.