Gurudumu Lililo Hewani

"Gurudumu lililo hewani halibebi mzigo." Methali hii mliisikia jana kwenye kikao cha bomba la maji, mwenyekiti alipoitaja akiwazungumzia nyinyi vijana, mkanuna, mkadhani mmetukanwa. Tena mmoja wenu akasema ni maneno ya gereji. Si ya gereji hata kidogo. Yalisemwa hapa hapa, kwenye uwanja wa shule, nami nilikuwepo na pimamaji yangu mkononi. Chanzo chake ni hiki.

Mwaka ule tuliletewa tela la kutibu macho. Lilikuwa chumba kizima juu ya magurudumu, likivutwa na gari, na daktari akipasulia watu mtoto wa jicho humo ndani. Lilikuwa la ekseli mbili, yaani kila upande lina magurudumu mawili yanayofuatana, hayajaachana hata hatua moja. Lingetibu siku moja tu, kesho yake asubuhi livuke mto, na kurudi kwake ni mwakani, Mungu akipenda.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Bibi Sekela. Alikuwa haoni mwaka wa sita, na mjukuu wake wa mwisho hajapata kumwona sura. Mkwe wake, Yusta, ndiye aliyebeba nyumba nzima: maji, kuni, shamba la viazi, watoto watatu, na bibi mwenyewe. Bibi akigusa tu kisu ili amenye viazi, Yusta humnyang'anya. "Kaa, mama, utajikata." Alifanya hivyo kwa mapenzi. Lakini Bibi Sekela aliwahi kuniambia kwamba kukalishwa kunamuuma kuliko upofu.

Sasa nchi yetu mnaijua, ni milima mitupu. Hata uwanja wa shule umeinamia bondeni, mpira ukitoka unafuatwa mtoni. Tela likasimama, upande wake wa kulia uko chini. Daktari akasema bila kuzunguka, "Sakafu ikilala upande, sipasui. Nikiwa na kisu kwenye jicho la mtu siwezi kuteleza. Ikifika saa sita hapajanyooka, tunafunga." Yusta akaanza kusali palepale aliposimama.

Dereva wao, Kihwelo, alikuwa amevuta matela ya trekta kwenye mashamba ya chai miaka kumi na tano. Matela yale yana gurudumu moja tu kila upande. Ukitaka kuyanyoosha unatafuta jiwe, unapandisha gurudumu, umemaliza. Naye akafanya vivyo hivyo. Akaweka jiwe bapa mbele ya gurudumu la mbele la kulia, akavuta, likapanda. Akateremsha miguu ya chuma ya pembeni ili tela lisitikisike. Nikaitwa mimi, fundi mwashi, nikalaza pimamaji sakafuni, na kipovu kikatulia katikati.

"Sawasawa!" nikapiga kelele. Naam, mimi huyu huyu, msinicheke. Nilitazama kipovu, chini sikutazama.

Wauguzi wakaingia, mitungi na masanduku yakapandishwa. Bibi Sekela alikuwa amekalishwa kivulini, ubavuni mwa tela, akingoja kuitwa. Akapapasa mahali pa kuegemea.

"Fundi Lulandala," akaita, "hebu njoo."

"Naam, mama."

"Hili gurudumu linazunguka."

"Haliwezi kuzunguka, mama. Tela limesimama."

"Nimelisukuma kwa kidole likazunguka. Na hili lililotangulia limevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Tega sikio, linalia."

Nikainama. Gurudumu la nyuma lilikuwa linaning'inia, kiganja changu kinapita chini yake. La mbele peke yake limebeba upande mzima, na tairi ubavuni limeanza kuchanika, nyuzi zinaonekana.

Kihwelo akaja mbio. "Bibi, mbona pimamaji imekubali?"

"Pimamaji iko juu, baba. Mimi niko huku chini," akasema Bibi Sekela. "Gurudumu lililo hewani halibebi mzigo. Huyu mwenzake atapasuka."

Daktari aliposhuka akaona, aliketi kwenye ngazi. "Lingepasuka nikiwa ndani ya jicho la mtu," akasema.

Ilikuwa saa tano na nusu. Nilikuwa najenga darasa pale pale, basi nikakimbilia mbao zangu za jukwaa. Kihwelo akapandisha miguu, akalishusha tela kutoka kwenye jiwe, akabadilisha tairi. Tukapanga mbao mbili ndefu upande wa kulia, moja juu ya nyingine, akavuta taratibu, na magurudumu yote mawili yakapanda pamoja. Tukayazuia kwa mawe mbele na nyuma, ndipo akateremsha miguu tena. Safari hii nilipima juu, kisha nikalala chali nikakagua chini. Saa sita kasoro dakika chache, Bibi Sekela akaitwa. Nilishusha pumzi mpaka Kihwelo akanicheka, na yeye mwenyewe machozi yanamtoka.

Kesho yake asubuhi Bibi Sekela akafunguliwa bandeji. Sote tulidhani atamtafuta mjukuu. Alimtazama kwanza Yusta, akamtazama sana.

"Yusta, mwanangu, umekonda hivi? Na mimi nimekaa tu?"

"Mama, ulikuwa huoni."

"Mikono ilikuwepo." Akampakata mtoto, akamchungulia usoni, akacheka. "Kubeba ndoo daktari amenikataza kwa sasa. Lakini viazi vya leo namenya mimi. Nipe kisu."

"Mama, uta..."

"Nishushe chini, Yusta. Na mimi nikanyage."

Yusta akalia, akampa kisu.

Kwa hiyo jana hamkutukanwa nyinyi. Tuliosemwa ni sisi wazee, tunaolalamika kuwa vijana hawafanyi kitu, na hatujawahi kuwapa hata zamu ya kulinda bomba. Nami nilimwelewa mwenyekiti, ndiyo maana sikununa. Jumamosi njooni na majembe, mtaro wa bomba kule juu ni wenu. Gurudumu lililo hewani halibebi mzigo.