Fisi Msimamizi wa Mizizi

Mwaka mmoja jua liliwaka mpaka mijusi wakawa wanavuka njia kwa kurukaruka. Shamba pekee lililobaki na rangi ya kijani nyikani lilikuwa la Sungura, mgane mwenye watoto watatu, ambaye hakuwa na chakula kingine ila kunde zake.

Kunde zilistawi kwa sababu ya wapangaji wa mizizini: vijidudu waliokaa ndani ya vinundu, wakavuta nitrojeni hewani na kuilisha mimea, nayo mimea ikawalipa sukari. Udongo wa moto huwaua. Kwa hiyo Sungura alitandaza nyasi kavu shambani kote, kama alivyokuwa akifanya marehemu mkewe.

Fisi alizitamani nyasi zile kwa malalo yake. Akaenda kwa Simba.

"Mtukufu, wale wa mizizini ni wavivu. Wanakula sukari, halafu wanafunikwa blanketi. Waondolewe nyasi, jua liwachape kidogo, uone kama hawatafanya kazi."

Simba hakuwahi kumwona kijidudu hata mmoja, lakini hakupenda ijulikane. "Nililiona hilo zamani," alisema.

Nyasi zikahamia pangoni kwa Fisi. Haukupita muda majani ya kunde yakawa njano. Sungura alipasua kinundu: ndani, palipokuwa pekundu, sasa palikuwa kijivu. Alikaa nacho kiganjani, akiwasikia watoto wakiulizana nani atakula leo.

"Wamegoma," Fisi alimweleza Simba. "Wanataka msimamizi mkali. Mimi niko tayari, kwa paja la swala kila jioni."

Sungura, aliyekuwapo, aliinama. "Mtukufu, Bwana Fisi anafaa kabisa. Ila wavivu hawa hutega kazi jua la utosi. Asimame katikati ya shamba wakati huo, wasije wakamdanganya."

"Ndivyo nilivyokusudia," alisema Simba.

Fisi akasimama. Akainua mguu mmoja, akaushusha, akainua wa pili.

"Mbona unacheza ngoma, Bwana Fisi?" Sungura aliuliza kutoka kivulini alipokaa na Simba.

"Nakagua."

"Bila kukanyaga?"

Fisi alimgeukia Simba, ulimi nje. "Mtukufu, naomba nyasi kidogo za kusimamia. Hakuna kiumbe anayeweza kufanya kazi juu ya moto huu."

Simba aliutazama udongo ulioachwa wazi, kisha akamtazama Fisi.

"Ziko pangoni kwako," alisema. "Utazirudisha zote, kwa mgongo wako. Na swala usahau."

Udongo ulipopoa, mizizi ikaota vinundu vipya. Mavuno yalikuwa haba, lakini watoto walikula. Simba akaweka sheria: anayemwita mwenzake mvivu asimame kwanza pale mwenzake anapofanyia kazi. Akaongeza kwamba kutandaza nyasi lilikuwa wazo lake tangu mwanzo. Sungura, akipukuchua kunde, hakumbishia.